Kona ya Dada: Mama, Iandike Hiyo Barua

Barua ya safari hii imetoka Fort Worth, Texas. Aliyeandika ni mama wa watoto wanne, Mkongomani aliyekaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Naifupisha.

"Dada, mwanangu wa tatu yuko darasa la tatu. Herufi anazijua mojamoja lakini kuziunganisha hawezi, si kwa Kiingereza si kwa Kiswahili. Dada zake waliofika naye sasa wanasoma vitabu vinene. Nimemwambia mwalimu mara nyingi, ananijibu kwa upole nisubiri, mtoto ajue Kiingereza kwanza. Huu ni mwaka wa pili nasubiri. Baba yake hataki hata kusikia habari ya elimu maalumu, anasema mtoto wake si mwendawazimu. Na jirani ameniambia sheria zimebadilika, wizara imefungwa, hakuna msaada tena. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, vuta kiti. Umeuliza maswali matatu kwa mkupuo, na najua wako wenzako Houston, Louisville na Lexington wenye hayo hayo ila hawajapata ujasiri wa kuyaandika.

Naanza na hilo la kusubiri, kwa kuwa ndilo linalokula muda wa mtoto. Sheria ya shirikisho ya elimu maalumu, ambayo kila mtu shuleni anaiita IDEA, ina vifungu viwili vinavyokuhusu. Kimoja kinakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Hicho ni kifungu kizuri, na mwalimu akiwa mwangalifu kwa ajili yake simlaumu. Watoto wengi wa wahamiaji walishawahi kurundikwa kwenye madarasa ya elimu maalumu eti kwa kuwa hawakuelewa maswali waliyoulizwa. Lakini cha pili kinaitaka shule iwatafute yenyewe watoto wanaodhaniwa kuwa na tatizo, na inapowapima iwapime kwa lugha wanayoielewa, kila inapowezekana. Kwa hiyo mtoto asiyejua Kiingereza anapimwa kwa Kiswahili. Hakuna mahali sheria inaposema awekwe kando mpaka Kiingereza kije.

Tena wewe umeandika jambo zito kuliko yote bila hata kulipigia mstari: mtoto haunganishi herufi hata kwa Kiswahili, na ndugu zake waliokuja naye wanasoma. Hilo ndilo mtaalamu wa vipimo angependa kulisikia kabla ya lingine lolote, maana linaonyesha kwamba tatizo huenda si la lugha. Shida ni kwamba umelisema mlangoni, saa ya kumchukua mtoto, mwalimu akiwa na watoto ishirini wanaosubiri basi. Maneno ya mlangoni hayana tarehe. Shule ya Marekani inatembea kwa karatasi, na saa ya sheria huanza kugonga siku karatasi yako inapopokewa.

Basi andika barua. Mpelekee mwalimu mkuu au mkurugenzi wa elimu maalumu wa wilaya yenu ya shule. Isiwe ndefu. Ningeiandika hivi: "Mimi ni mama wa fulani, darasa la tatu. Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu, pamoja na disleksia. Hawezi kuunganisha herufi kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, ilhali ndugu zake waliofika naye wanasoma. Naomba apimwe kwa Kiswahili pia, na nijibiwe kwa maandishi kwa Kiswahili." Tarehe, sahihi, namba ya simu. Ukipata mtu wa kukuwekea Kiingereza chini yake itasaidia iende haraka. Usipompata, ipeleke hivyo hivyo.

Huko Texas, wakishaipokea wana siku 15 za shule kukujibu. Ama wakupe fomu ya idhini ya kumpima, ama wakatae kwa maandishi na watoe sababu. Ukitia sahihi idhini, wana siku 45 za shule kumaliza vipimo na kuandika ripoti, kisha siku 30 za kalenda kukaa nanyi mezani. Kwenu mlio majimbo mengine, kipimo cha shirikisho ni siku 60 tangu mzazi alipotoa idhini, isipokuwa jimbo liwe limejiwekea muda wake, kama ilivyofanya Texas.

Disleksia nimeitaja makusudi. Mpaka juzi juzi watoto wengi wa Texas wenye ugumu huo wa kusoma walipitishwa njia ya kando, wakapewa msaada kidogo chini ya sheria nyingine inayojulikana kwa namba ya kifungu chake, 504, bila ulinzi wote wa IDEA. Mwaka 2023 jimbo lilibadilisha sheria na kuweka wazi kwamba disleksia ni ugumu wa kujifunza unaoingia ndani ya IDEA. Akitokea mtu akakwambia hayo ni mambo ya 504 tu, mwambie sheria ya 2023 inasema vingine.

Sasa nikuambie kwa nini huko kwenu neno "subiri" mimi halinipiti hivi hivi.

Mwaka 2004 mamlaka ya elimu ya Texas, TEA, iliweka kwenye orodha ya kupimia wilaya za shule kipimo kimoja kidogo: asilimia 8.5. Wilaya ambayo wanafunzi wake wa elimu maalumu walizidi kiwango hicho ilipungukiwa alama. Wakati huo jimbo zima lilikuwa na karibu asilimia 12. Hakuna aliyetoa amri kwamba watoto wanyimwe huduma, na haikuhitajika. Wakuu wa shule walijua wanaangaliwa kwa lipi, na mazungumzo na wazazi yakabadilika polepole: tumpe muda, tujaribu njia nyingine kwanza, akue kidogo, ajue Kiingereza. Gazeti la Houston Chronicle lilipolifichua jambo hilo mwaka 2016, Texas ilikuwa imeteremka hadi pale pale kwenye 8.5, chini ya jimbo lingine lolote Marekani, na makumi ya maelfu ya watoto walikuwa wamekosa msaada waliostahili. Watoto wanaojifunza Kiingereza walikuwa miongoni mwa walioumia. Bunge la Texas likakipiga marufuku kipimo hicho mwaka 2017, na Januari 2018 serikali ya shirikisho ikatamka kwamba jimbo lilivunja sheria.

Mimi napenda shule zipimwe na majibu yatangazwe. Lakini ukimpa mkuu wa kazi namba moja ya kuilinda, atailinda, na mtoto atatafutiwa sababu. Mwalimu wa mwanao huenda hakuwa hata ameanza kazi enzi hizo. Mazoea ya ofisi hurithishwa bila mtu kujua yalianzia wapi.

Tuje kwenye kikao chenyewe. Texas wanakiita ARD, kwingine utasikia mkutano wa IEP, yaani wa mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja. Nimekaa kwenye vikao hivyo kama mkalimani, na vinafanana. Chumba kidogo nyuma ya maktaba, viti vya watoto ambavyo ukikalia magoti yanakukaribia kidevu, boksi la tishu katikati ya meza kana kwamba mmekuja kuhani. Upande mmoja watu sita wenye vitambulisho shingoni: mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mtaalamu wa vipimo, wa matamshi, wa kamati ya lugha, na mwakilishi wa shule ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuahidi huduma. Upande wa pili mama peke yake, pochi mapajani. Anayesoma ripoti anasoma mbio kwa kuwa kuna kikao kingine kinamsubiri. Mkalimani yuko kwenye simu, sauti inakatikakatika. Kurasa zinafunuliwa, namba zinatajwa, halafu kalamu inasogezwa.

Nasi tumelelewa kwamba mwalimu habishiwi. Kwetu mzazi akiitwa shule, ama mtoto kaharibu ama ada haijalipwa. Basi mama anashika kalamu, anatia sahihi palipoonyeshwa, anashukuru, anaondoka akiwa hajui amekubali nini.

Wewe usifanye hivyo. Kuna sahihi ya kuonyesha kwamba ulihudhuria, hiyo weka. Halafu kuna mahali penye visanduku viwili, kukubali na kutokubali. Hapo kalamu itulie. Mkishindwa kuafikiana, Texas inakupa nafasi ya kuahirisha kwa muda usiozidi siku 10 za shule, mrudi mkae tena. Na huduma za mara ya kwanza kabisa haziwezi kuanza bila idhini yako ya maandishi. Hata ukikubali leo, mwakani ukaona hazifai, unaweza kuiondoa idhini hiyo kwa barua. Mwambie hilo mzee wa nyumbani, huenda likampunguzia wasiwasi.

Mkalimani ni wajibu wa shule na ni bure. Sheria inasema shule ifanye kila linalohitajika mzazi aelewe yanayosemwa mkutanoni. Usikubali binti yako wa miaka 12 akalishwe hapo kutafsiri mambo ya mdogo wake. Ni mzigo kwake, na yatakayomwaibisha atayaruka. Kama mkalimani ni wa Mombasa na wewe wa Uvira na hamsikilizani, sema palepale. Na jamani, ile fomu ya lugha ya nyumbani mnayojaza siku ya kuandikisha watoto, andikeni Kiswahili. Nawajua wazazi walioandika Kiingereza wakidhani wanampandisha mtoto chati, kumbe wanajifungia mlango.

Ukiwa mezani, kitu cha kukikazia macho ni malengo ya mtoto kwenye mpango huo. Sheria iliyoizaa IDEA ilitiwa sahihi na Rais Gerald Ford mwaka 1975, wakati watoto zaidi ya milioni moja wenye ulemavu walikuwa hawapokelewi shuleni kabisa. Vita ya wakati huo ilikuwa kuwaingiza mlangoni. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, mahakama kadhaa ziliridhika mtoto akipata faida yoyote ile, hata kiduchu. Mabadiliko makubwa yalikuja Machi 2017, katika kesi ya Endrew F., mvulana mwenye usonji wa Colorado ambaye malengo yake yalikuwa yakirudiwa mwaka hadi mwaka karibu vilevile. Mahakama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja, ilisema mpango wa mtoto lazima umwezeshe kupiga hatua zinazolingana na hali yake, na malengo yawe ya kumvuta juu. Kwa hiyo ukiona malengo ya mwaka huu yamenakiliwa kutoka ya mwaka jana, uliza. Uliza kwa namba: leo anasoma maneno mangapi kwa dakika moja, mwakani mnataka afike mangapi, nani atampima, na mimi nitaletewa majibu lini? Mpango hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na hakuna kinachokuzuia kuomba kikao kabla ya hapo.

Kuna pia upande wa mitihani. Zamani shule iliweza kutangaza wastani mzuri huku watoto wenye ulemavu wamefichwa chini ya uvungu. Sheria iliyotiwa sahihi Januari 2002 ikaamuru matokeo yao yatolewe peke yake, na ya wanaojifunza Kiingereza peke yake. Ile iliyoirithi mwaka 2015, ESSA, imebakiza hilo. Kusoma na hesabu hupimwa kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na mara moja tena sekondari ya juu. Shule inatakiwa ipime angalau asilimia 95 ya watoto, na asilimia 95 ya kila kundi pia, ili wasiambiwe walio dhaifu wabaki nyumbani siku hiyo. Mtoto wako, akiwa na IEP na bado anajifunza Kiingereza, anahesabiwa kwenye makundi yote mawili.

Hapo kuna mtego mmoja. Upo mtihani mbadala, mwepesi zaidi, uliowekwa kwa watoto wenye ulemavu mzito kabisa wa akili. Sheria haitaki jimbo lipime humo zaidi ya asilimia moja ya wanafunzi wake wote wanaofanya mitihani. Mtoto ambaye tatizo lake ni kusoma hana shughuli na mtihani huo. Wakikupendekezea, waulize utamfanya nini kwenye cheti chake cha kumaliza sekondari, maana sheria inawataka wakuambie kabla. Ni swali ambalo wazazi wetu hulikumbuka mtoto akiwa na miaka 17.

Sasa habari za jirani yako. Amesikia kitu cha kweli akakirefusha. Machi 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuanza kuivunja wizara ya elimu ya shirikisho, na mwezi huohuo karibu nusu ya wafanyakazi walitangaziwa kuondolewa. Ofisi saba kati ya 12 za mikoa zinazoshughulikia haki za wanafunzi zilifungwa, ya Dallas ikiwemo, na hiyo ndiyo iliyokuwa karibu nanyi. Hilo ni pigo, sitalipamba. Lakini IDEA ni sheria ya Bunge la Marekani, na rais hawezi kuifuta kwa amri yake, wala wizara yenyewe haiwezi kufutwa bila Bunge. Tena kazi ya kwanza ya kuzisimamia shule ni ya jimbo. Shule ikikiuka sheria, unaandika malalamiko TEA ndani ya mwaka mmoja tangu kosa litokee, bila wakili na bila ada, nao wana siku 60 kutoa uamuzi. Na mahakamani mlango umezidi kufunguka: Juni 2025 Mahakama ya Juu, tena kwa kauli moja, ilikuwa upande wa msichana wa Minnesota mwenye kifafa kinachombana asubuhi, aliyenyimwa masomo ya jioni na wilaya yake. Kabla ya hapo mahakama za eneo lake zilimtaka mwanafunzi athibitishe kwamba shule ilikuwa na nia mbaya au ilikosea kupita kiasi ndipo afidiwe kwa kubaguliwa. Sasa hapimwi kwa kigezo kizito kuliko wadai wengine.

Mabadiliko ninayoyaogopa zaidi kwa upande wenu ni yale yanayokuja na tabasamu. Mei 2025 Texas ilipitisha sheria ya kuwapa wazazi fedha za umma wawapeleke watoto shule binafsi, kuanzia mwaka wa masomo 2026–27, na kwa mtoto mwenye ulemavu zinaweza kufika dola 30,000. Zinasikika tamu. Ila shule binafsi hailazimiki kumpokea mwanao, na akishaingia huko ile haki ya IDEA ya kupata elimu inayomfaa bila malipo unaiacha nyuma, pamoja na vikao na siku zake za kuhesabiwa. Kwa baadhi ya familia inaweza kufaa. Kwa mama ambaye bado hajapata hata tathmini, mimi nasema amalize kwanza mambo ya shule ya umma, ajue mtoto ana nini, ndipo afikirie kuhama.

Limebaki la baba. Simshangai. Huko tulikotoka, mtoto wa "shule maalumu" alikuwa ni wa jengo la mbali, wengine hata hawakutolewa nje wageni wakija. Mwambie kwamba hapa sehemu kubwa ya watoto wenye IEP, zaidi ya asilimia 60, wanakaa darasa la kawaida na wenzao muda mwingi wa siku, na sheria inaitaka shule ianzie hapo kabla ya kufikiria kumtenga. Mwanao anaweza kubaki na mwalimu wake huyo huyo, akatoka nusu saa kufundishwa kusoma na mtu aliyesomea kazi hiyo. Na kama hofu ya baba iko kwenye karatasi za uhamiaji, ajue kwamba haki ya mtoto kusoma shule ya umma bila kujali karatasi hizo ilitolewa na Mahakama ya Juu mwaka 1982, kwenye kesi iliyotokea Tyler, Texas hiyohiyo. Mficha uchi hazai, shemeji. Darasa la tatu ndipo watoto wanapoacha kujifunza kusoma na kuanza kusoma ili wajifunze mengine, na anayebaki nyuma hapo anabaki nyuma kwenye kila somo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Jumatatu ipeleke barua mwenyewe ofisini. Waombe wagonge muhuri wa tarehe kwenye nakala yako, au uitume kwa baruapepe uwe na ushahidi. Ibandike nakala kwenye friji, uanze kuhesabu siku za shule. Zikipita 15 kimya, niandikie, tutaiandika pamoja ile ya TEA.